Kutembea, bao, bustani au safari: mstaafu ajiunge na kikundi kipi?

Nilistaafu ualimu nikiwa na miaka 60, umri ambao mtumishi wa umma hapa Tanzania anatakiwa kukabidhi ofisi. Wiki zile za mwanzo nilikuwa najua leo ni Jumatano kwa sababu gari la taka limepiga honi mtaani. Miaka yote kengele ya shule ndiyo iliyonipangia siku. Ilipoacha kulia kwangu, Jumatatu na Ijumaa zikawa hazina tofauti. Hilo liliniuma kuliko kukosa mshahara, na ndilo lililonisukuma kutafuta wenzangu.

Tangu hapo nimepita kwenye vikundi vinne hapa Morogoro: cha kutembea asubuhi, cha bao, cha bustani, na kimoja kilichoanza kama kikundi cha safari kikaishia kuwa cha mikopo. Viwili bado nimo. Wanaotoka kazini kila mwaka huniuliza, "Mwalimu, na mimi nijiunge na kipi?" Huwa nawaambia wapime magoti, wapime mfuko, halafu wajiulize swali ambalo wengi wanaliruka: siku nisipofika, kuna atakayeuliza niko wapi? Mtu aliyeishi na wenzake ofisini miaka thelathini anadhani kuulizwa ni jambo la kawaida. Akishastaafu ndipo anapogundua kwamba inampasa alitafute.

Kutembea na bao

Hivi viwili naviweka pamoja kwa sababu ndivyo vya kila wiki, na ndivyo watu wanavyovichanganyia mawazo zaidi.

Kutembea hakuna gharama zaidi ya raba nzuri. Sisi tunakutana saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, dakika 50 kila siku. Jumla ni dakika 150 kwa wiki, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kwa mtu mzima, wakiwemo waliovuka miaka 65. Shirika hilohilo linawataka wazee waongeze mazoezi ya kusimama imara, yale ya kuzuia kuanguka, siku tatu kwa wiki. Kwa hiyo kabla ya kuondoka tunashika ukuta, tunasimama kwa mguu mmoja, tunahesabu hadi kumi, tunabadilisha mguu. Kipimo cha mwendo ni mdomo: ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, mwendo ni huohuo. Ukishindwa hata kuongea, punguza.

Tatizo kubwa la vikundi vya kutembea ni kasi, na limeua vikundi vingi ninavyovijua. Wenye nguvu wanatangulia, wenye magoti mabovu wanabaki nyuma peke yao, na baada ya mwezi hawaji tena. Wala hawatasema sababu. Watasema wana wageni. Dawa tuliyoipata ni hii: hatupimi umbali, tunapima muda. Kila mtu anatembea dakika 25 kwa mwendo wake, kisha anageuka alipofika. Aliyekwenda mbali ana safari ndefu ya kurudi, aliyekwenda karibu ana fupi, na wote mnafika kwenye mwembe mlipoanzia karibu wakati mmoja. Tangu tuanze hivyo, mama mmoja anayetembea na mkongojo hajakosa wiki.

Jambo jingine ni njia. Mji wetu uko chini ya Milima ya Uluguru, na wageni wanapenda kupanda njia ya Boma kwa sababu ya ubaridi na mandhari. Kupanda si kubaya. Kinachoumiza goti ni kushuka. Kama una goti linalolalamika, dai njia ya tambarare, na kikundi kikikataa, tafuta kingine.

Bao ni habari tofauti kabisa. Hapa mwili unakaa, kichwa kinakimbia. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji ana 32. Mnaanza mkiwa mmepanga kumi tu kila upande: sita kwenye nyumba, lile shimo maalumu la mstari wa mbele, mbili na mbili kwenye mashimo mawili ya jirani. Zile 22 zilizobaki unazishika, unaingiza mojamoja kwenye namua, hatua ya kwanza ya mchezo, mpaka ziishe, ndipo mnaingia mtaji, hatua ya pili. Mchezaji mzuri anahesabu kete za shimo asilolifikia bado, na anajua zitaishia wapi zikizunguka. Hapo kijiweni kwetu yupo mzee aliyekuwa fundi wa reli, mkono wake wa kulia unatetemeka akiwa ameuweka pajani. Akizichota kete unatulia. Anazidondosha, moja kwenye kila shimo, tak, tak, tak, bila kuangalia, macho yake yako upande wa mpinzani. Nimemtazama mara nyingi kuliko nilivyocheza naye.

Asiyejua asiogope. Lipo bao la kujifunza, kete mbili kwenye kila shimo, hakuna namua, mnaanza na mtaji moja kwa moja. Wiki tatu zinatosha kukufikisha mahali pa kushindwa kwa heshima.

Sasa kasoro zake. Kukaa saa nne juu ya gogo si jambo la kumshauri mtu mwenye presha au kisukari, na watu wa bao hawaamki mpaka giza liingie. Vijiwe vingine vina moshi wa sigara. Lakini kasoro iliyonisikitisha kuliko zote ni namna wanawake wanavyopokelewa. Miaka michache iliyopita mama mmoja, nesi mstaafu, alikuja kijiweni akasimama pembeni akitazama. Mmoja wetu akamuuliza, "Mama, tukusaidie nini?" Akajibu kwamba amekuja kucheza. Watu wakanyamaza, kisha wakaendelea na mchezo kana kwamba hajasema kitu. Akaaga, akaondoka. Mimi nilikuwepo na nilinyamaza vilevile, na jambo hilo lilinisumbua mpaka nikamfuata nyumbani kwake na mzee mwenzangu kumwomba radhi. Leo tuna Alhamisi ya wanaojifunza, chini ya mwembe uleule, na yeye ndiye anayeshika zamu ya kufundisha. Kwa hiyo mama anayetaka bao asikate tamaa, ila aulize kwanza kama kijiwe kina siku ya namna hiyo. Kama hakina, awatafute wenzake wawili waende pamoja.

Ukivilinganisha kwa lile swali langu la nani ataniuliza, bao linashinda. Watembeaji ishirini wakienda bila wewe, matembezi yanaendelea. Lakini bao linataka wawili. Usipofika, kuna mtu amekaa mbele ya ubao hana wa kucheza naye, na atapiga simu. Nilipolazwa siku nne kwa malaria, simu ya kwanza ilitoka kwa mpinzani wangu, saa kumi na moja jioni kamili, muda wetu. Kwa mwili, kutembea kunashinda bila ubishi. Mvua ni suala la tatu: masika, Machi hadi Mei, huvunja vikundi vya kutembea, na vingi havirudi. Bao huhamia barazani. Mwenye nafasi afanye vyote viwili, asubuhi raba, jioni kete, na asikae zaidi ya michezo mitatu.

Drafti na karata ni ndugu wa bao na maelezo yake ni yaleyale. Karata zikianza kuchezwa kwa pesa, ondoka.

Kwa wasioweza mwendo

Kuna watu ambao mwendo wa haraka umeshakwisha kwao lakini wanapenda kuwa nje. Hao nawashauri kutazama ndege, hata kama hapa kwetu bado si mazoea. Nairobi, shirika la Nature Kenya lina matembezi ya ndege ya kila Jumatano asubuhi, watu wanakutana makumbusho kisha wanakwenda eneo moja au jingine. Uzuri wake ni kwamba mwendo ni wa polepole na kusimama ndiyo kazi yenyewe. Hakuna anayekusubiri kwa kukuonea huruma. Sisi wa Morogoro tuna utajiri wa ajabu hapa: juu msituni Uluguru kuna aina ya chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua, isiyopatikana popote pengine duniani. Huko juu hatufiki tena, lakini bustani yoyote yenye maua mekundu ina chozi wa aina nyingine, na darubini moja inatosha watu watano.

Bustani na kufuma

Bustani ya pamoja ina faida ambayo vikundi vingine havina: unarudi nyumbani na kitu mkononi. Mchicha unavunwa wiki ya tatu au ya nne tangu kupandwa. Matembele ukishayashika hayaishi, unakata na yanachipua. Mtu aliyezoea kuleta kitu nyumbani kila mwisho wa mwezi, sasa analeta fungu la mboga, na heshima hiyo si ndogo.

Lakini niseme nilichokiona. Bustani yetu ilikufa kiangazi cha mwaka wa pili, na haikuuawa na wadudu. Iliuawa na maji. Zamu ya kumwagilia ilikuwa kwenye karatasi, kila mtu alijua zamu ya mwenzake kuliko yake, na Agosti ilipofika matuta yalikuwa meupe. Ukitaka kujiunga na kikundi cha bustani, usiulize wanapanda nini. Uliza maji yanatoka wapi na nani alimwagilia jana. Wakianza kutazamana, unalo jibu lako. Uliza pia urefu wa matuta. Mgongo wa miaka 65 hauinami saa nzima. Matuta yaliyoinuliwa kwa tofali hadi magotini, au viroba vilivyopangwa juu ya benchi, vinakuwezesha kufanya kazi ukiwa umekaa kwenye kigoda.

Kufuma, iwe vitambaa vya kroshia au kushona kofia, kunafaa pale bustani isipofaa: mvua inanyesha, miguu imevimba, huwezi kutoka mbali. Mke wangu yuko kwenye kikundi cha kufuma na nakiri kwamba kimedumu kuliko vyetu vyote. Wanakutana nyumba kwa nyumba, kwa hiyo aliyeumwa wanamfuata kwake na nyuzi zao. Hakuna kikundi cha wanaume ninachokijua kinachofanya hivyo. Angalizo ni macho. Uzi mweusi chini ya taa hafifu unaumiza kichwa, basi wafume mchana, uzi wa rangi ya mwanga, na miwani iliyopimwa badala ya ile ya kununua barabarani.

Kwaya sitaizungumzia sana. Ikiwa unaipenda, tayari umo, na kanisa lako lina utaratibu wake.

Safari za siku moja

Hapa ndipo vikundi vinapogombana, kwa sababu kila mtu ana ndoto yake. Wetu walitaka Mikumi, wengine Dar kwa treni, wengine Bagamoyo, na kijana mmoja aliyekuwa akitusaidia kupanga akaja na maporomoko ya Sanje.

Nianze na Sanje ili niiondoe. Iko Milima ya Udzungwa, maji yanaanguka kiasi cha mita 170, na mahali penyewe ni pazuri mno. Lakini ni kupanda, kwenye msitu wenye unyevu na njia inayoteleza, halafu kushuka, na nimeshasema habari za kushuka. Waachiwe wale ambao wametembea nasi mfululizo miezi sita na hawana tatizo la moyo. Kupeleka kikundi kizima ni kuwaacha nusu langoni wakisubiri.

Mikumi na Dar ndizo zinazostahili kupimwa kwa makini.

Mikumi iko karibu, kama kilomita 100 kutoka mjini kwetu, na barabara kuu ya Iringa inakatiza katikati ya hifadhi, kwa hiyo hata kabla hujafika langoni umeshaona twiga. Ndani, uwanda wa Mkata ni tambarare na wazi. Tembo, nyumbu na pundamilia wanaonekana bila kutafutwa sana, na viboko wako bwawani. Mzee asiyeweza kutembea anaona sawa na kijana, maana wote mmekaa garini. Kiingilio cha raia kinalipwa kwa shilingi na ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni wa nje. Nendeni kati ya Juni na Oktoba: nyasi zimekauka, wanyama wanafuata maji, na gari halinasi kwenye tope. Gharama kubwa ni kosta. Ikiwa na watu 25 inagawanyika vizuri. Mkiwa 11 inaumiza.

Ila kuna jambo ambalo hakuna anayelisema kwenye kikao, kwa sababu ya aibu, nalo ndilo lililoharibu safari yetu ya kwanza. Wengi wetu tunameza dawa za presha, na baadhi ya dawa hizo zinakupeleka haja ndogo kila mara. Hifadhini huruhusiwi kushuka garini popote isipokuwa mahali maalumu. Siku ile hakuna aliyepanga vituo. Mzee mmoja mtu mzima wa heshima aliteseka saa nzima kimya, na akaacha kuja kwenye safari zetu zote. Tangu hapo, anayepanga safari anaandika vituo vya choo kabla ya kuandika chakula, na anamwambia dereva mbele ya wote ili asiwepo wa kuomba. Kuhusu muda wa kumeza dawa siku ya safari, kila mtu amuulize daktari wake mapema, asiiruke kwa kujiamulia.

Dar kwa treni ya SGR inashinda hapo hapo: choo kimo ndani ya behewa. Tangu treni hiyo ianze kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro katikati ya 2024, safari ambayo kwa basi ilikuwa inakula nusu siku ukihesabu foleni ya Kibaha na Mbezi, inachukua chini ya saa mbili. Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa wakati huo ilikuwa shilingi 13,000, yaani 26,000 kwenda na kurudi. Hakuna haja ya kujaza kosta. Hata mkiwa wanne mnakwenda. Unatoka asubuhi, jioni umerudi kulala kwako.

Mtihani uko stesheni. Kuna ukaguzi wa mizigo, kuna kuonyesha kitambulisho, na kuna ngazi za umeme. Usizichukulie kirahisi. Mama mmoja kwetu alisimama mbele ya ngazi ile, akainua mguu, akaurudisha, akainua tena, watu nyuma wamejaa. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mimi hii hapana." Tukaenda kwenye lifti. Siku hizi kikundi chote kinapanda lifti, hata wanaoweza ngazi, ili asiwepo wa kujiona mzigo. Na fikeni mapema. Treni haimsubiri mtu kama basi la stendi.

Mkishafika Dar, chagueni mahali pamoja, msijaribu patatu. Makumbusho ya Taifa ni pazuri kwa siku ya jua kali kwa sababu mko ndani. Kijiji cha Makumbusho, kwenye barabara ya Bagamoyo, ndicho kilichotugusa zaidi. Kuna nyumba za jadi za makabila mbalimbali, zimejengwa kama zilivyokuwa. Mwenzetu mmoja mzaliwa wa Bukoba aliinama akaingia kwenye msonge wa Kihaya, akakaa humo muda mrefu. Alipotoka alianza kutueleza: hapa ng'ombe, hapa moto, hapa bibi alikuwa akilala. Nimefanya naye kazi miaka 12 na sikuwahi kumsikia akizungumza habari za bibi yake. Tuliobaki tukaanza kutafuta nyumba zetu. Kwa umri wetu mahali kama hapo pana thamani kuliko kuona simba.

Bagamoyo iwe ya mwaka wa pili, kikundi kikishazoeana. Magofu ya Kaole, yenye msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya mawe ya matumbawe, hayahitaji kupanda mlima. Ila kutoka Morogoro ni safari ndefu ya gari, na jua la pwani saa saba mchana linachosha. Mwenda huko alale.

Pesa

Kile kikundi chetu cha safari hakikufa kwa ugomvi wa mahali pa kwenda. Tulikuwa na kibubu cha kila wiki. Mmoja akasema pesa zinalala bure, tuzikopeshane kwa riba ndogo. Wengi wetu tulikuwa tumepokea mafao, tukaona ni busara. Mwaka mmoja baadaye vikao vilikuwa ni vya marejesho peke yake, watu wawili wameshindwa kulipa, wamekata mguu kwa aibu, na hatukuwa tumesafiri tena hata mara moja. Sina ubaya na VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa. Nimesomeshea mtoto kwa VICOBA. Lakini kikundi cha kufurahia kisikopeshe. Mtu anayedaiwa haji kucheza bao.

Kibubu kinatosha. Shilingi 2,000 kwa wiki, kwa wiki 26, ni 52,000: nusu yake nauli ya treni ya kwenda na kurudi kwa bei ile ya 2024, nusu nyingine bajaji, kiingilio na chakula. Pesa zikae na mtu mmoja, daftari na mwingine, na siku ya safari zote ziishe. Msibakize akiba ya kuwatia watu mawazo.

Basi, kwa anayeanza mwezi huu

Mjane au mtu anayeishi peke yake, aanze na bao au kufuma, kwa sababu huko ndiko atakakokosekana asipofika. Mwenye sukari au presha aanze na kutembea, lakini apime kwanza hospitali na awaambie viongozi anameza dawa gani. Asiye na amani bila kazi za mikono aende bustanini, akishajiridhisha na maji. Safari isiwe mlango wa kuingilia. Kikundi kinachokutana mara mbili kwa mwaka hakikujui, na siku ya safari utakaa na dirisha.

Kokote utakakokwenda, nenda mara mbili kabla ya kutoa kiingilio. Mara ya kwanza kila mtu ni mchangamfu kwa mgeni. Mara ya pili ruka wiki moja kwa makusudi, kisha rudi usikilize watakavyokupokea. Mimi nilipofanya hivyo pale mwembeni, yule fundi wa reli hakusalimia hata. Alinisogezea kigoda, akaanza kupanga kete upande wangu: sita, mbili, mbili.